Shina la zambarau kwenye nyanya na mahindi ya nyumbani: tupeane uzoefu

Papa Beseni (Goma, Himbi)

Ndugu zangu, salamu. Nina miche kumi na miwili ya nyanya nyuma ya nyumba. Minne iko kwenye mabeseni ya zamani yaliyotoboka, minane kwenye bidoni za mafuta nilizozikata nusu. Ardhini siwezi kupanda: kwenye parseli yetu ukipiga jembe mara mbili linagonga jiwe la volkano na kulia kama kengele. Udongo niliununua, gari dogo moja.

Wiki mbili sasa mashina yanageuka zambarau kuanzia chini kwenda juu. Ukigeuza jani la chini unakuta mgongo wake una mishipa ya rangi ya bilinganya, na upande wa juu umekuwa kijani kizito kisichong'aa. Mmea umekaa palepale, haurefuki. Jirani alipita akasema ni mildiu, ule ugonjwa wa ukungu, nipulize dawa. Nimepuliza mara tatu. Pesa imekwenda, zambarau iko.

Aliyepatwa na hili aseme ilikuwa nini na alifanya nini. Si lazima nyanya, hata mahindi au kabichi.

Mama Lengalenga (Goma, Ndosho)

Pole Papa. Mimi nitaanza na aibu yangu. Mwaka wa kwanza kulima nilisia nyanya kwenye kisanduku, zikaota vizuri, zikafika urefu wa kidole, nikaona vishina vyote ni zambarau pale chini karibu na udongo. Nikasema mbegu ina ugonjwa. Nikang'oa kitalu kizima nikatupa kwa kuku. Shangazi yangu wa Kibumba alipofika na kusikia, alicheka mpaka akatafuta pa kukaa. Kumbe nyanya changa nyingi huzaliwa hivyo, ni rangi ya ukoo. Yeye akinunua miche anaitafuta hiyo hiyo: mifupi, minene, yenye zambarau kidogo, maana imekaa juani. Ile ya kijani cheupe iliyorefuka kama uzi imelelewa kivulini, ukiipeleka shambani inalala.

Na mimi ninayeuza lengalenga nyekundu kila siku, sijui siku ile akili ilikwenda wapi. Mihogo ina vikonyo vyekundu, umemwona nani akiitibu?

Lakini yako, Papa, si hiyo. Ya ukoo iko tangu utotoni na mmea unaendelea kukua. Yako imekuja baadaye na mmea umesimama. Hapo kuna neno.

Mwana Bagira (Bukavu)

Mimi yangu ilikuwa mahindi, pale kwenye mteremko wa udongo mwekundu. Yalipofika magotini, majani ya chini yakaanza zambarau kwenye ncha, ikashuka na kingo zote mbili huku katikati pakibaki kijani. Mzee mmoja akaniambia: hiyo ni njaa ya fosforasi, kirutubisho cha mmea, tafuta mbolea ya 46. Nikaenda kwa muuzaji, nikasema nipe ya 46. Akanipimia kopo mbili za punje nyeupe kama sukari, nikalipa, nikarudi nyumbani naimba.

Wiki mbili baadaye mahindi yalikuwa kijani, marefu, malaini, na zambarau iko palepale. Upepo wa jioni moja ukayalaza.

Aliyenifungulia macho ni agronome mmoja, mtaalamu wa kilimo, tunayesali naye. Akachukua kijiti akaandika chini: 46-0-0. Hiyo ni urea, ndiyo niliyonunua. Kisha akaandika 18-46-0. Hiyo ni DAP. Namba ya kwanza ni naitrojeni, ya pili ni fosforasi, ya tatu ni potasiamu. Nilikuwa nimenunua 46 kweli, ila 46 ya chumba kingine! Tangu siku hiyo mtu akinipimia mbolea kwa kopo namwambia nionyeshe mfuko ilikotoka, nisome namba zote tatu. Wengine wananuna. Wanune.

Jambo la pili alilonifundisha: udongo wetu mwekundu una chuma na aluminiamu nyingi, na hivyo vinaishika fosforasi kama mkopeshaji asiyerudisha. Ukiimwaga shamba zima, udongo wenyewe unaila. Kwa hiyo naweka kifuniko kimoja cha soda kwenye kila shimo, nafunika kwa udongo kiasi cha vidole viwili, ndipo naweka mbegu. Mbegu ikigusa mbolea inaungua, usiruke hapo.

Mama wa Nguba (Bukavu)

Asiye na pesa ya DAP: mifupa. Naomba kwa mchinjaji, naichoma juu ya makala mpaka inakuwa myeupe na inavunjika kwa vidole, natwanga. Inachelewa, usitegemee wiki mbili. Na ile titonia yenye maua ya manjano kando ya barabara, nakata majani mabichi nazika shimoni siku kumi kabla ya kupanda. Miaka mitatu sijaona zambarau kwenye mahindi yangu.

Mwalimu Mstaafu (Goma, Katindo)

Niongeze kwa nini inakuwa zambarau na si rangi nyingine, maana nimefundisha biolojia miaka mingi na swali hili wanafunzi hawakuniuliza hata mara moja.

Rangi hiyo inaitwa anthosianini. Mmea unaitengeneza hasa pale sukari inaporundikana kwenye majani na shina bila kutumika. Sukari inapikwa na jua kila siku, lakini ili itumike kujenga mizizi, machipukizi na matunda, inahitaji fosforasi. Fosforasi ikikosekana jiko linawaka, chakula kinaiva, na hakuna wa kula.

Nililiona hili kwa macho yangu kupitia mbuzi wa jirani. Aliingia kwenye mahindi yangu, akakunja bua moja bila kulikata kabisa, likabaki limeinama lakini hai. Baada ya siku chache, majani yote ya juu ya mkunjo yalikuwa zambarau. Mahindi mengine kulia na kushoto, udongo uleule, mbolea ileile, kijani safi. Njia ya sukari kwenda chini ilikuwa imebanwa, basi. Kwa hiyo Papa Beseni, usikimbilie kusema ni fosforasi tu. Chochote kinachobana mizizi au shina kinaweza kuleta rangi hiyo hiyo: maji yaliyotuama, chungu kidogo, funza ndani ya bua, minyoo ya mizizi inayoacha vinundu kama shanga.

Ila ulichosema kuhusu majani ya chini ni ushahidi mzuri. Fosforasi ikiwa chache, mmea unaihamisha kutoka majani ya zamani kwenda machanga. Wazee wanajinyima ili watoto wale. Ndiyo maana dalili huanza chini.

Na mildiu jirani aipeleke mbali. Mildiu kwenye shina ni mabaka ya kahawia nzito au nyeusi, kama pameungua na maji ya moto, na inaua mmea kwa siku chache. Haipaki shina zima rangi moja ya kupendeza.

Papa wa Kampemba (Lubumbashi)

Huku kwetu L'shi njo baridi inatufanyia hivyo. Mwezi wa sita na wa saba asubuhi mikono inakufa ganzi, na njo wakati tunalima kabichi na nyanya kando ya mto kwa kumwagilia. Kila mwaka kabichi zinageuka zambarau, na kila mwaka kuna kijana mpya anayekimbia kununua mbolea. Udongo ukiwa baridi, mizizi haivuti fosforasi hata kama imejaa tele.

Mimi ninafanya vitu viwili tu. Naondoa nyasi nilizotandaza ili jua liguse udongo, na simwagilii jioni: nachota maji asubuhi, nayaacha kwenye pipa juani, namwaga karibu saa sita. Mwezi wa nane joto linarudi, machipukizi mapya yanatoka kijani. Yale majani ya zamani msiyaangalie, hayarudi vizuri. Angalieni jipya.

Kuna sehemu za mji huu udongo una shaba, pale hakuna ujanja, mizizi inabaki mifupi kama vidole vya mtoto. Hapo tunapanda kwenye udongo wa kuleta, kama ninyi wa Goma.

Asiyetaka Jina

Swali la rafiki yangu. Ana mmea mmoja nyuma ya choo, si nyanya, majani yana vidole saba. Shina nalo limekuwa zambarau. Ni sababu hizo hizo?

Mama Lengalenga

Rafiki yako tunamjua. Ndiyo, bangi nayo ni mmea kama mingine: mbegu nyingine huzaliwa na shina la zambarau, nyingine inatokana na baridi ya usiku au njaa ya fosforasi. Lakini sheria ya nchi hii inaikataza, na mimi sitaki polisi waje kusoma habari za lengalenga yangu. Turudi kwenye nyanya.

Dada wa Keshero (Goma)

Papa Beseni, mbona hakuna aliyekuuliza: ni yote kumi na miwili, au baadhi? Na maji unachota wapi?

Nauliza kwa sababu mimi kiangazi kimoja chote nilimwagilia maji ya ziwa. Kijana wa chukudu (ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo) alikuwa ananiletea bidoni sita kila siku ya pili. Juu ya udongo kwenye vyungu pakatokea ukoko mweupe, ukiulamba una ladha ya magadi (ndiyo, niliulamba). Maji ya Kivu si kama ya mvua, pH yake (kipimo cha uchachu au magadi) inakaribia 9. Ukimwagilia kwenye chungu miezi mitatu bila mvua ya kuosha, udongo unageuka magadi na fosforasi inafungwa humo humo. Sasa nakinga ya mabati. Ila na hiyo nayo, kama moshi wa Nyiragongo umeelekea kwetu, naacha mvua ya kwanza ipite, maana inachoma majani vitobo vitobo.

Papa Beseni

Dada, umenipiga palepale. Nimekwenda kuhesabu. Ya zambarau ni minane. Yote ya bidoni! Minne ya beseni ni kijani, sikuwa nimeiangalia kwa sababu iko upande wa jikoni. Maji ni ya bomba yakitoka, yasipotoka ni ya ziwa, lakini yote kumi na miwili inakunywa hayo hayo.

Nimegeuza bidoni moja juu chini. Mche ulitoka na udongo wake mzima, umbo la bidoni, kama keki. Mizizi imezunguka chini mara nyingi, ya kahawia, na harufu ni ya mfereji. Matundu nilitoboa kwa msumari wa moto, mawili, ubavuni. Yote mawili yameziba, na chini yake maji yamelala.

Mwalimu Mstaafu

Mbuzi wako ni bidoni.

Papa Beseni (baada ya wiki tatu)

Aksanti sana wote. Nilihamishia minane kwenye magunia, chini nikaweka kokoto za volkano, hizo hazitupungukii hapa. Udongo nikachanganya na mavi ya kuku. Miche miwili imekufa, hilo ni kosa langu, mavi yalikuwa mabichi na nilisikia joto lake mkononi lakini nikaendelea. Sita iliyobaki imetoa majani mapya, nageuza mgongo wa jani kila asubuhi kabla ya chai: kijani. Shina la chini limebaki zambarau vilevile, nimeliacha. Mmoja una maua.

Jirani amekuja jana, ameangalia, ameniuliza mwishowe nilipuliza dawa gani.