Walimu wa fizikia, Bernoulli mnaifundishaje mpaka ikaingia? Naomba ushauri

Ticha wa Vumbi (mleta uzi)

Wakuu habari za muda huu. Nafundisha fizikia A-level shule ya serikali huku mkoani, PCM (fizikia, kemia, hesabu) na PCB (fizikia, kemia, baiolojia) nimewekewa pamoja, na maabara yetu mnaijua ilivyo. Nimeanza topiki ya mtiririko wa vimiminika na naona kabisa haiingii. Hesabu wanafanya, ukiwapa A1v1 = A2v2 (continuity, eneo mara spidi ni ile ile bomba zima) wanakutolea jibu chap, Bernoulli nayo (kwenye bomba lililolala, spidi ikipanda presha inashuka) wanachomeka namba wanamaliza. Sasa uliza la maneno tu, bomba likiwa jembamba katikati, presha kubwa iko wapi? Darasa zima kwa sauti moja: kwenye wembamba! Kwa nini? Eti kwa sababu maji yamebanwa.

Halafu kuna binti wa PCB kaniachia mtihani. Nilitoa ule mfano wetu wa siku zote, mpira wa kumwagilia bustani, ukiziba mdomo kwa kidole eneo linapungua kwa hiyo spidi inaongezeka maji yanaruka mbali. Akanyoosha mkono, "sir kama maji yanayopita kwa sekunde ni yale yale, mbona ukiziba na kidole ndoo inachelewa kujaa?" Nikamwambia swali zuri tutalirudia. Kesho kutwa nina dabo (vipindi viwili mfululizo) na najua atauliza tena. Nisaidieni.

Mjukuu wa Archimedes

"Swali zuri tutalirudia" 😂😂 walimu wote mmesomea chuo kimoja

Fundi Koki

Mi sio mwalimu ni fundi bomba ila hili naliona kila siku. Funga geji ya presha nyuma kidogo ya koki. Koki ikiwa wazi yote mshale unalala chini, ukianza kubana unapanda, ukifunga kabisa unasimama kwenye presha ya tenki lenyewe, tenki likiwa mita 10 juu unasoma karibu bar 1. Maji yakikimbia kwenye mpira mrefu yanaliwa presha njiani, yakienda polepole hayaliwi sana. Hizo fomula zenu sizijui lakini huyo mtoto yuko sahihi.

PCM Mstaafu

Fundi kamaliza, mi naongezea tu lugha ya darasani. A1v1 = A2v2 inalinganisha sehemu mbili za bomba moja kwa WAKATI MMOJA, hailinganishi kabla ya kidole na baada ya kidole. Ukiziba, maji kwa sekunde yanapungua, msuguano ndani ya mpira unapungua nao, presha nyuma ya kidole inapanda, na ndiyo inayorusha maji. Na kuna kikomo, simtank likiwa mita 5 juu ya kidole chako hata uzibe vipi hupati zaidi ya √(2gh), g ni ya gravity na h ni hizo mita 5, ambayo ni kama 9.9 m/s. Kama ingekuwa continuity peke yake ungeziba hadi tundu la sindano ukapata spidi ya risasi. Kwa hiyo ule mfano usiuache mkuu, ila upeleke mwisho, ukishafika kwenye mnato (viscosity, msuguano wa ndani ya kimiminika). Hapo ndo mahali pake.

Ticha wa Vumbi

Dah hii ya kikomo naondoka nayo. Na hao wa "maji yamebanwa" nawafanyaje?

Madam Mizani

Mwalimu rudi kwa Newton, usianze na nishati. Chora bomba, paka rangi kipande kimoja cha maji kinachoingia kwenye wembamba. Waulize, hiki kipande kinaongeza spidi? Watasema ndiyo maana continuity wameshaikubali. Basi kina acceleration, nani anakisukuma? Bomba limelala, gravity haihusiki, aliyebaki ni presha ya nyuma na presha ya mbele. Ili kiongeze spidi kwenda mbele, presha ya nyuma lazima iwe kubwa. Nyamaza hapo hapo, waache wabishane, usiwaokoe haraka. Mimi fomula ya Bernoulli siiandiki ubaoni mpaka hapo pameisha.

Na tafadhali lile la bawa la ndege, kwamba hewa ya juu inakimbia ili ikutane na ya chini kule nyuma, usifundishe. Hazikutani, ya juu inatangulia kufika. Bawa linainamisha hewa kwenda chini, anzia hapo.

Kibuyu

Kwa vitendo tumia chupa ya maji ya lita moja na nusu, toboa matundu matatu kwa msumari uliopashwa moto, juu, katikati, chini. La chini linaruka mbali kuliko yote, kama kwenye picha za vitabu. Torricelli huyo, tundu likiwa chini zaidi ya uso wa maji spidi inakuwa kubwa zaidi.

PCM Mstaafu

@Kibuyu hapana, inategemea chupa imekaa wapi. Ikikaa chini sakafuni la katikati ndo linashinda. La chini lina spidi kubwa kweli lakini halina muda wa kuruka, limeshagusa sakafu. Umbali ni 2√(h(H−h)), H ni kimo cha maji, h ni kina cha tundu kutoka uso wa maji. Maji yakiwa na kimo cha sm 30, tundu la sm 15 linafika sm 30, la sm 5 kutoka juu na la sm 5 kutoka chini yote yanafika kama sm 22, sehemu moja! Ukiipandisha juu ya meza ndo la chini linaongoza. Kwenye chupa halisi utapata pungufu kidogo kwa sababu ya tundu lenyewe.

Kibuyu

Ngoja nikajaribu sasa hivi maana hii siamini

Madam Mizani

Ticha hiyo ndo dabo yako imeisha. Ziba matundu kwa selotepu, fungua kizibo cha juu (wengi wanasahau halafu wanashangaa maji yanatoka kwa kusuasua), kila mwanafunzi aandike kwenye karatasi lipi litafika mbali KABLA hujabandua. Kwanza sakafuni, kisha mezani. Na uwe na mtu wa kujazia maji, kimo kikishuka namba zote zinaharibika.

Kibuyu

Nimerudi. Jiko lote limelowa, PCM Mstaafu uko sahihi.