Man United imepigwa tena nyumbani. Kweli tunaweza kushuka daraja?

Nyar Kibuye, Kisumu (31 Desemba 2024)

Naomba jibu la hesabu, si la kunituliza. Mechi 19 zimeisha, tuna alama 22, nafasi ya 14. Ipswich walio nafasi ya 18, ya kwanza kati ya tatu za kushuka, wana 15, na usiku ule ule tuliopigwa na Newcastle, wao waliwachapa Chelsea mbili bila. Pengo ni alama saba tu. Amorim mwenyewe aliulizwa kama tunaweza kushuka na hakukwepa, alikubali kwamba inawezekana. Kocha wa Manchester United! Sikutarajia kusikia hayo maishani mwangu.

Mechi nimeiona Kondele, kwenye banda la mpira. Huku kwetu ilianza saa tano usiku, na dakika ya nne tu Isak amepiga kichwa, tuko nyuma. Dakika ya 19 Joelinton, kichwa tena. Tunacheza na mabeki watatu wa kati, Maguire, De Ligt na Martinez, na bado mtu anaruka katikati yao bila hata kuguswa bega. Kule mbele yao Casemiro na Eriksen wanakimbizana na Tonali, Bruno Guimarães na huyo huyo Joelinton. Wawili kwa watatu, tena wawili wenyewe hawana mbio. Bruno Fernandes wetu hayupo kwa sababu ya ile kadi nyekundu ya mechi ya Wolves, Ugarte naye amefungiwa kwa kadi za njano.

Mabao hayo yaliniuma, lakini kuna jambo liliniuma zaidi. Dakika ya 33 Zirkzee alitolewa, aingie Mainoo, na mashabiki wetu wenyewe wakashangilia kutolewa kwake. Kijana akaenda moja kwa moja ndani. Mimi ni mama, sikuweza kuitazama ile picha. Mchezaji hajipangi mwenyewe.

Nauza jezi sokoni Kibuye. Msimu huu za United zinashikwa, zinaulizwa bei, halafu mteja anaondoka na ya Arsenal au ya Liverpool. Hasara hiyo nitaibeba. Lakini jana asubuhi kabla ya mechi mwanangu aliniuliza, "Mama, tukishuka tutaonyeshwa wapi?" Nilikosa la kumwambia, maana yule mwenye banda sijawahi kumwona akionyesha mechi ya daraja la pili la Uingereza. Atakua akishabikia timu asiyoiona.

Kwa hivyo nauliza wale mnaofuatilia: hatari ni ya kweli, au ni hofu ya usiku mmoja? Na tatizo hasa liko wapi?

---

Mwana wa Ingwe, Kakamega

Pole dada. Nimekaa na kalamu, sikiliza.

Msimu uliopita Luton walishuka na alama 26. Forest walibaki wakiwa na 32, na walikuwa wamekatwa nne. Mwaka 2023 Leicester walishuka na 34, miaka saba tu baada ya kuwa mabingwa. West Ham waliwahi kushuka na 42, mwaka 2003, lakini tangu hapo hakuna aliyefikisha 40 akashuka. Mimi naweka 38 kama mstari wa usalama. Tuna 22, zinabaki 16 kwa mechi 19. Hiyo ni kushinda tano na sare moja. Ipswich nao wakitaka 38 lazima wapate 23, na nusu ya kwanza yote wamepata 15. Nyuma yao Leicester wana 14, Southampton 6.

Kwa hesabu hiyo tutabaki. Kinachonitia wasiwasi ni nyumbani. Forest walikuja wakatufunga 3-2, Bournemouth 3-0, sasa Newcastle 2-0. Kupoteza mechi tatu mfululizo za ligi Old Trafford hakujatokea tangu 1979. Hizo mechi tano zinazotakiwa tushinde utazitoa wapi kama si nyumbani?

Na tusijidanganye na jina. Mimi ni wa Ingwe tangu utotoni. AFC Leopards, timu ya mataji, ilicheza daraja la chini hadi iliporudi ligi kuu 2009. Watu hapa Kakamega walikuwa wakisema haiwezekani, mpaka siku iliyowezekana. Taji la mwisho la ligi tulichukua 1998, na bado tunangoja.

---

Kijana wa Manyatta, Kisumu

Tatizo ni kocha, mama. Amekuja Novemba na mfumo wake wa mabeki watatu, wachezaji walinunuliwa kucheza mabeki wanne. Dalot na Mazraoui si watu wa kupanda na kushuka pembeni dakika 90. Rashford anakaa benchi mechi nzima. Angerudi kwenye mfumo waliouzoea mpaka tupate hizo alama 38, kisha afundishe anachotaka.

---

Mzee wa Section 58, Nakuru

Wanangu, tulishashuka. Mwaka 1974, miaka sita baada ya kuchukua kombe la Ulaya. Nilikuwa kijana wa shule na habari tulizipata redioni, kwa hivyo hili silisomi vitabuni.

Msimu ule timu ilifunga mabao 38 katika mechi 42. Kufikia Krismasi, kipa Alex Stepney alikuwa sawa na wafungaji wetu bora, kwa penalti zake mbili! Tarehe 27 Aprili Manchester City wakaja Old Trafford, na Denis Law, aliyekuwa kipenzi chetu kabla ya kwenda kwao, akaupiga mpira kwa kisigino ukaingia. Hakushangilia hata kidogo. Watu wengi wanasema yeye ndiye aliyetushusha, na hilo si kweli: Birmingham walishinda kwao siku hiyo, tungeshuka hata kama Law angekaa nyumbani. Tulishushwa na mechi za miezi mingi nyuma, zile ambazo hakuna aliyeziogopa.

Uongozi haukumfukuza Tommy Docherty. Alibaki, akaipandisha timu mwaka uliofuata ikiwa ya kwanza, na 1977 akachukua Kombe la FA.

Kijana wa Manyatta, nimekuelewa kuhusu mfumo, lakini angalia mabao ya Desemba yalivyoingia. Arsenal, mawili, yote kutokana na kona. Forest, kona. Bournemouth, la kwanza ni mpira wa adhabu ukapigwa kichwa. Son wa Tottenham alifunga kona moja kwa moja kwenye kombe la ligi, na wiki moja baadaye Cunha wa Wolves akafanya vile vile. Kona haijali kama unacheza na mabeki watatu au wanne. Hapo ni kupanga nani anamkaba nani, na kipa kutoka langoni kwa sauti. Ni kazi ya mazoezi, na timu iliyocheza mechi nane za ligi na kombe mwezi mmoja, mbali na ile ya Ulaya, imepata siku ngapi za mazoezi? Mpeni mtu nafasi ya kufundisha.

---

Tore Bobe, Kisii

Nyar Kibuye, mwambie mtoto hivi: Shabana, timu yetu ya hapa Kisii, ilishuka 2006, ikarudi 2023. Miaka 17. Televisheni haikuwepo, tulifuata kwa matatu. Kuna wenzangu walizaa na kusomesha watoto kabla Shabana haijarudi, na siku ya kwanza ligi kuu Gusii walikuwa uwanjani na watoto hao. Mimi United naishabikia vile vile, hata ikienda daraja la tano.

---

Nyar Kibuye, Kisumu

Asanteni, nimesoma yote mara mbili, na ya Tore Bobe nimemsomea mtoto kwa sauti.

Mwana wa Ingwe, hizo 16 nimeziandika kwenye daftari la duka. Kijana wa Manyatta, omera, hapo kwa kocha sikubaliani nawe. Ten Hag alifukuzwa Oktoba, na kabla yake wengine, na kila aliyekuja alikuta wachezaji wa mwenzake. Tukibadilisha tena mwezi wa pili, mwingine atakuja na mfumo wa tatu. Mimi nataka katikati ijazwe kwanza. Jumapili Anfield Bruno na Ugarte wanarudi, waanze wote wawili, na Mainoo apewe dakika. Liverpool ndio wanaoongoza ligi, sitegemei ushindi pale, nataka tu nione kona inakabwa. Mechi ninayoihesabu ni ya Southampton, tarehe 16 Januari, Old Trafford. Hiyo tukiipoteza, njooni tena hapa tuongee mambo mengine.

Jumapili ni saa moja na nusu jioni, saa nzuri, mtoto anakuja nami Kondele. Zirkzee akiingia tutampigia makofi.