Kipimo cha CNC hakitoki sawa: nirekebishe stepu, kipenyo cha kikata au pasi ya mwisho?

Spindo6: Wakuu, naomba tulinganishe. Mashine ndogo ya CNC (ya kuchonga kwa kompyuta) inayoendeshwa na GRBL (programu inayoongoza mota), kikata cha mm 6, alumini 6061. Mraba wa nje wa mm 50 unatoka 50.08, shimo la mraba la mm 50 linatoka 49.92. X na Y ni sawa. Nibadilishe stepu kwa milimita (hatua za mota kwa kila milimita, mipangilio $100 ya X na $101 ya Y), nipunguze kipenyo cha kikata kwenye CAM (programu inayopanga njia ya kikata), au niongeze pasi ya mwisho (mkato mwembamba wa kumalizia)?

Karakana_Tz: Stepu usiziguse. Zingekuwa ndizo, nje na ndani vingekosea upande mmoja, na kosa lingekua kadiri urefu unavyoongezeka. Chonga mraba wa mm 20. Ukizidi kwa 0.08 ileile, tatizo liko kwenye kikata. Stepu hupimwa kwa dayali geji (saa ya kupimia mwendo mdogo) mashine ikitembea bila kukata, si kwa kipande kilichochongwa.

BintiMaikroni: Ulegevu wa skrubu inayosukuma mhimili nao tuuondoe kwenye orodha. Huo hupunguza vyote viwili, nje na ndani, na duara hubaki na alama pale mhimili unapogeuza mwelekeo. Afadhali si huo, maana GRBL ya kawaida haina fidia yake. Ungeishia kubadilisha nati.

Spindo6: Mraba wa 20 umetoka 20.07. Basi nipunguze kipenyo?

Karakana_Tz: Bado, mkuu. Kikata kinapinda, na kikianza kuwa butu kitapinda zaidi, hapo namba uliyoandika haifai tena. Kwanza fupisha sehemu inayotokeza nje ya koleti (kishikio cha kikata): ukitoka mm 30 hadi 20, kupinda kunashuka hadi chini ya theluthi. Acha mm 0.2 ukutani, piga pasi ya mwisho kwa kina chote, kisha rudia njia ileile bila kuongeza mkato. Usiache 0.02 tu, kikata kitasugua badala ya kukata. Kosa linalobaki ndilo la kufidia: nje ikiwa 50.03, andika kipenyo 5.97 kwenye CAM.

BintiMaikroni: Safisha koleti kabla ya hayo yote. Ikiwa chafu, kikata huyumba na kukata kipana, kosa la kinyume linaloficha kupinda. Wenye mashine zinazotumia G41 (amri ya kufidia upana wa kikata), hakikisheni D, namba ya ukubwa wa kikata, inasomwa kama kipenyo au nusu kipenyo.

Jiliwa: Na pimeni kipande kikiwa kimepoa. Alumini ya mm 300 ikizidi joto kwa nyuzi 10 hurefuka karibu mm 0.07.