Jibuti inaendeshwa kwa fedha zipi?

Msomaji wa Ramani: Ndugu wanajamvi, naomba kueleweshwa. Jibuti ina watu wapatao milioni moja, ardhi yake ni jangwa na miamba, haina mafuta wala mto unaotiririka mwaka mzima. Hata hivyo sarafu yake imefungwa kwenye dola ya Marekani tangu 1949. Serikali yake inapata wapi fedha?

Mzee wa Gati: Ndugu, Jibuti inauza mahali ilipo. Vita vya Ethiopia na Eritrea vilipozuka mwaka 1998, Ethiopia, isiyo na pwani, ilipoteza njia ya bandari ya Assab iliyoko Eritrea, na tangu hapo sehemu kubwa mno ya mizigo yake hupita Jibuti, mingine kwa malori na mingine kwa reli ya umeme iliyoanza biashara mwaka 2018. Sisi wa Dar es Salaam tunahudumia Zambia, Kongo, Rwanda na Burundi, hivyo mmoja akihama wengine hubaki. Jibuti inategemea mteja mmoja.

Bintipwani: Naongezea kodi ya pango. Ufaransa, Marekani, Japani, Italia na, tangu 2017, China, wote wana wanajeshi katika nchi hiyo ndogo, kwa kuwa inatazama Bab-el-Mandeb, mlango-bahari mwembamba wa kuingilia Bahari ya Shamu. Kwa mkataba wa 2014, Marekani pekee ilikubali kulipa takriban dola milioni 63 kwa mwaka. Serikali inayolipwa na wapangaji wa namna hiyo haina haraka ya kuwasikiliza raia wake: tangu uhuru wa 1977 nchi imeongozwa na Hassan Gouled Aptidon, kisha, kuanzia 1999, na mpwa wake Ismail Omar Guelleh, na ukomo wa mihula uliondolewa mwaka 2010. Waafar, moja ya makabila makuu mawili ya nchi hiyo, walioshika silaha mwaka 1991, walilalamikia hasa kutengwa katika madaraka.

Msomaji wa Ramani: Ahsanteni. Basi Ethiopia ilipotia saini makubaliano na Somaliland, eneo lililojitangazia uhuru kutoka Somalia, Januari 2024 ili ipate njia ya baharini, Jibuti haikutetemeka?

Mzee wa Gati: Bila shaka ilishtuka, ingawa kuhamisha shehena za nchi yenye watu zaidi ya milioni mia moja si kazi ya msimu mmoja. Tena utegemezi huo ni wa pande mbili: tangu 2011 Jibuti hununua umeme kutoka Ethiopia, na hata mirungi inayotafunwa mjini kila alasiri hutoka huko huko.