Mafundi wa rimoti na sentro loki (mfumo wa kufunga milango yote ya gari kwa pamoja), mmetupiga vya kutosha!

Wakuu salaam,

Naomba asije mtu kuniambia nipunguze jazba, maana hela iliyokwenda ni yangu.

Gari ni Toyota IST ya 2004, hizi zilizojaa kila kona ya Dar. Ugonjwa wake ulikuwa wazi: ukibonyeza rimoti, milango mitatu na ule wa nyuma wa mizigo inafunga ka! kwa pamoja, wa dereva unabaki unakutazama. Siku nyingine unaamua kufunga. Ukitumia swichi ya ndani, hali ni ile ile. Nimefunga kwa ufunguo wee mpaka nikachoka, nikasema ngoja niende kwa wataalamu.

Mtaalamu wa kwanza ana kibanda cha funguo Kariakoo. Hakunyanyuka hata kwenye kiti. "Rimoti imekufa hiyo bosi." Akaweka betri mpya, wapi. Akasema basi sakiti imeungua, chukua rimoti nyingine, elfu 80, na nisipochukua ipo siku gari litagoma kuwaka kabisa.

Jamani! Rimoti haiongei na mlango mmoja mmoja. Inarusha ishara moja hewani, kipokezi ndani ya gari kinaidaka, kontrol boksi ndiyo inayogawa umeme kwenye mota za milango. Milango mitatu ikishaitika, rimoti imemaliza kazi yake, iache ipumzike. Na habari ya gari kugoma kuwaka ni vitisho tu. Kwenye magari yenye chipu ya kuzuia wizi, ile chipu iliyo kwenye kichwa cha ufunguo haitumii betri ya rimoti, inapata nguvu kutoka kwenye koili inayozunguka tundu la swichi ya kuwashia. IST yangu chipu yenyewe haina!

Nikalipa. Mtu ukishachoka unalipa. Rimoti ikagoma kusajiliwa kwenye gari, fundi akahangaika nayo mpaka jua likazama. Nilipoigeuza nyumbani nikakuta imeandikwa 433 MHz. Magari ya soko la Japani yanatumia masafa ya karibu na 315 MHz. Hiyo 433.92 ni ya Ulaya. Hata uibonyeze mpaka kidole kiote sugu, kipokezi cha gari la Japani hakiisikii. Kurudi, jamaa ananiambia bidhaa ikishafunguliwa hairudishwi.

Wa pili, gereji ya uchochoroni, akataka laki 2 na nusu abadilishe kontrol boksi. Nikamuuliza umepima wapi? Akajibu, "Uzoefu, kaka." Boksi inaweza kweli kufa njia ya mlango wa dereva peke yake, kwa sababu kwenye Toyota nyingi mlango huo una njia yake ya kufungua (ndiyo maana zipo ambazo ukibonyeza mara moja unafunguka wa dereva tu, mpaka ubonyeze tena ndipo ifunguke ya abiria, na huo si ubovu). Lakini pima kwanza! Uzoefu hausomi umeme.

Wa tatu nilimwamini kidogo. Akasema mota ya loki imechoka, na kweli mota hizo huchoka: sauti inakuwa ya kichovu, kitasa kinapanda nusu. Akafungua paneli ya mlango, akavunja klipu, akafunga mota ya mtumba. Ikafunga, ikafungua, tukapeana mikono. Asubuhi, kimya.

Aliyemaliza ubishi ni mzee mmoja jirani, fundi umeme wa magari wa zamani. Alichomoa plagi ya mota, akaunga balbu ndogo ya indiketa kwenye zile nyaya mbili, akaniambia, "Bonyeza mwanangu." Mota hizi hupewa umeme chini ya sekunde moja, upande huu kufunga, ukigeuzwa kufungua, kwa hiyo balbu lazima imulike kidogo kila unapobonyeza. Mita za namba wakati mwingine huchelewa kuudaka mmuliko huo, ndiyo maana yeye anapenda balbu. Nikabonyeza, giza. Akafungua mlango wazi, akashika lile bomba la mpira lenye mikunjo linalopitisha nyaya kati ya mlango na nguzo, akalipinda juu chini. "Bonyeza tena." Ikamulika! Akaachia, giza.

Akalivuta bomba, na ndani waya mmoja umekatika, shaba imeota ukijani, ganda tu ndilo lililokuwa limeushikilia. Mlango wa dereva ndio unaofunguliwa kuliko yote, nyaya zinapinda pale pale miaka na miaka. Yule wa tatu alizitikisa alipokuwa akifungua paneli, ncha zilizokatika zikagusana, akajipa sifa. Mzee akaunga kipande cha waya laini, akauchomelea kwa risasi ya kuyeyusha, akafunika vizuri, akakataa hela, nikamnunulia soda na vocha.

Sasa nyinyi mnaojiita mafundi, ni ugumu gani kuuliza mlango upi unagoma kabla ya kutaja bei? Mmoja ukigoma peke yake, anza na nyaya za kwenye mkunjo na mota yake. Ikigoma yote kwa rimoti lakini swichi ya ndani inafanya kazi, hapo ndipo ushike rimoti: betri, vishikio vya betri vilivyoachia risasi, vitufe vilivyolika. Ikigoma yote kote kote, angalia fyuzi kabla ya kumuuzia mtu boksi. Shemeji yangu na Toyota Raum yake naye alishauziwa rimoti, kumbe kile kiswichi kidogo kwenye tundu la ufunguo kimeganda, gari linadhani ufunguo umo ndani, na Toyota ikidhani hivyo haisikilizi rimoti kwa makusudi. Ilikuwa ikipiga kelele ya kukumbusha ufunguo kila akifungua mlango wa dereva wakati ufunguo uko mfukoni mwake, na hakuna fundi aliyeshtuka!

Yule wa Kariakoo simtaji, lakini nauliza wanaojua: hela yangu nitaidai vipi wakati risiti ameandika "vifaa" tu? Na kama kuna mwenye Yaris iliyotoka Uingereza, rimoti ya 433 ninayo, betri mpya. Aje PM (ujumbe wa faragha), bei tutaelewana, ila bure sitoi.