Tupeane uzoefu: ruta na antena zinazogoma kuwaka umeme ukirudi, Arusha na Moshi

Fundi Sakina
Wakuu, salamu. Masika yakishika, mafundi wa huku wanapigiwa simu ya aina moja: "Umeme umerudi ila ile ruta haiwaki." Tuweke hapa yanayopimika: taa zinafanyaje, volti ngapi, dawa ipi. Vifaa vingi vinatupwa vikiwa vizima kabisa, na inauma maana ni hela ya mtu.

Naanza na adapta. Adapta ya volti 12 iliyochoka, ukiipima tupu inasoma 12 safi, basi lawama zote zinaangukia ruta. Ipime ikiwa na mzigo. Kwa adapta ya ampia 1, funga rezista ya omu 15 ya wati 20 kati ya chanya na hasi. Itavuta ampia 0.8 hivi, na itapata moto, usiishike. Volti zikishuka chini ya 11, kapasita (vile vikopo vidogo vinavyohifadhi chaji) za upande wa kutokea zimekauka. Dalili yake kwenye ruta ni hii: taa ya umeme inawaka, zinafuata za bandari, waifai ikianza tu kurusha zote zinazimika na inaanza upya. Kurusha ndiko kunakokula umeme, ndiyo maana inafia hapo hapo kila mara.

Ukibadilisha kapasita, weka yenye mikrofaradi zilezile, volti zisizopungua za mwanzo, na ya nyuzi 105. Angalizo: ile kubwa ya upande wa umeme wa ukutani inabaki na volti zaidi ya 300 hata ukishachomoa. Itoe chaji kwanza.

Na plagi nayo. Pini ya ruta ikiwa ya milimita 2.1 na plagi ina tundu la 2.5, inaingia bila shida lakini inacheza. Ukiitikisa inawaka, ukiiachia inazima.

Dada Kebo, Pasua
Asante kaka. Mimi niseme ya antena za juu ya paa, maana huko ndiko watu wanaunguza vitu.

PoE, yaani umeme unaopita kwenye kebo ileile ya mtandao, ziko za namna mbili. Kuna ya kusukuma tu, kama volti 24 za antena nyingi za Ubiquiti airMAX na TP-Link CPE210: injekta (kile kisanduku cha chini kinachoingiza umeme kwenye kebo) inapeleka umeme bila kuuliza kuna nini upande wa pili. Kuna ya kiwango cha 802.3af, volti 48 hivi, ambayo kwanza inatafuta ukinzani wa kilo-omu 25 kwenye kifaa. Isipoukuta haitoi kitu. Kwa hiyo antena ya volti 24 kwenye swichi ya af itakaa giza bila kudhurika. Lakini ukichukua injekta ya kusukuma ya volti 48 ukaichomeka hapo, umeiua.

Kwenye mpangilio wa B wa rangi za waya (T568B), umeme wa kusukuma unapita waya wa bluu na mweupe-bluu kwa chanya (pini 4 na 5), kahawia na mweupe-kahawia kwa hasi (7 na 8). Fungua upande wa antena, pima 4 na 7 hapo juu. Vipimo vya chini kwenye injekta havikwambii kebo imekula kiasi gani.

Hesabu yake: kebo ya shaba halisi ya mita 60, kwenda na kurudi, ni omu 5 hivi. Kifaa cha volti 24 kinachovuta ampia 0.3 kinapoteza volti 1.5, si neno. Kifaa cha volti 12 kinachovuta ampia 0.6 kinapoteza 3 na kubaki na 9, hapo wengi hawawaki. Kebo ya alumini iliyopakwa shaba inapoteza zaidi, kama mara moja na nusu. Kuitambua, kwangua waya mmoja kwa kisu: ukiona weupe ndani ya rangi ya shaba, hiyo ni alumini. Usiipandishe mnarani.

Mti wa Kibosho
Huku mlimani ukungu na mvua vinatembea na kebo. Konekta ikiingia maji, chanya ndiyo inayoliwa kwanza: pini 4 na 5 zinaota unga wa kijani mpaka zinakatika. Kuikausha tu hakusaidii, kata sentimita 5 ubane konekta mpya. Acha kebo ining'inie kidogo chini ya mlango wa antena kabla haijapanda, matone yadondokee hapo.

Njiro 5GHz
Umeme ukiwa mzima na bado kifaa kinaganda, ni programu ya ndani, hasa kama umeme ulikatika katikati ya kusasisha.

Ruta za MikroTik: shikilia kitufe cha riseti kabla ya kuwasha, washa ukiwa umekishika. Ukiachia taa ikianza kumweta, kama sekunde 5, unafuta mipangilio. Ukishikilia mpaka taa izime, kama sekunde 15, kinatafuta Netinstall, programu ya MikroTik ya kupandisha mfumo upya kutoka kwenye kompyuta. Kompyuta iwe na anwani ya kudumu, mfano 192.168.88.2, waifai yake na ukuta wa usalama vimezimwa, kebo kwenye bandari ya kwanza. Chagua faili la prosesa husika. hAP lite ni smips, usiipe la mipsbe.

Ubiquiti airMAX: shikilia riseti, washa, subiri taa zimwete kwa kupokezana. Kompyuta weka 192.168.1.254, tuma faili la programu kwa TFTP (njia rahisi ya kutuma faili kwenye mtandao) kwenda 192.168.1.20, hali ya binari. Kisha usiguse umeme mpaka kijiwashe chenyewe.

Himo Link
Wakuu, na antena inayowaka vizuri lakini kiungo kinachelewa dakika 10 kila umeme ukirudi?

Njiro 5GHz
Angalia chaneli, mkuu. Kwa kanuni za Ulaya, chaneli za rada (zile ambazo rada nazo zinazitumia) lazima zisikilizwe sekunde 60 kabla ya kurusha, na kati ya 5600 na 5650 MHz ni dakika 10 kamili, kwa sababu ya rada za hali ya hewa. Hamia chaneli nyingine unayoruhusiwa nje ya hapo.

Dada Kebo, Pasua
Wenye vocha za hotspoti, kagueni saa pia. MikroTik nyingi hazina betri ya saa, zinaweza kuwaka na tarehe ya nyuma, hata 1970 kwenye matoleo ya zamani, na vocha zinavurugika. Washa NTP, inayorekebisha saa kupitia mtandao.

Fundi Sakina
Na gadi ya friji mbele ya injekta inasaidia sana: inasubiri umeme utulie kabla ya kuupitisha. Mwambie mteja mapema kwamba kuna kusubiri dakika kadhaa, asije akaing'oa akidhani imekufa.