Tupeane uzoefu: utafiti wa uzamili wa afya ya mama na mtoto, Malindi na Lamu

Bandarini
Hamjambo nyote. Msimu wa mapendekezo ya utafiti umefika tena, na wanafunzi wa uzamili wa afya ya mama na mtoto huku kwetu wanakwama pale pale kila mwaka. Darasani hawana tatizo. Wanakwama wanapofungua rejista. Uzi huu ni wa waliokwisha kupita na wanaosimamia. Andikeni hatua, hesabu na makosa, historia zetu tuziache. Anayeanza asome kabla hajachapisha hojaji hata moja.

Mwalimu wa Takwimu
Itazame rejista kwanza, swali la utafiti lije baadaye. Ya kliniki ya wajawazito ni MOH 405, ya wodi ya kujifungulia ni MOH 333 (MOH ni Wizara ya Afya). Kwa ruhusa ya hospitali, na pasipo kunakili jina la mtu, pitia miezi mitatu uhesabu visanduku vitupu katika kila safu unayoihitaji. Safu iliyo tupu moja kwa tano usiijengee lengo. Hakuna hesabu ya kompyuta itakayokurudishia kitu ambacho nesi hakukiandika saa tisa usiku akiwa peke yake na kina mama wanne.

Kosa la pili ni kuhesabu mistari ukadhani umehesabu kina mama. Katika 405 mama huandikwa kila anaporudi. Tenga wateja wapya, hao ndio idadi yako.

Sasa sampuli. Wengi huandika 384 na kupiga mstari. Hiyo 384 inatoka kwenye fomula ya Z² × p × q ÷ d², ukiweka Z ya 1.96 (uhakika wa asilimia 95), p na q za 0.5 (nusu kwa nusu) na d ya 0.05 (kosa unaloliruhusu), na inachukulia kwamba watu ni wengi mno. Tuseme kliniki yako ya Malindi ina wateja wapya 600 kwa kipindi chako. Gawa: 384 ÷ (1 + 384/600), utapata 234. Ukitarajia mmoja kati ya kumi akatae au rekodi yake iwe na kasoro, gawa 234 kwa 0.9, upate 260. Ruka kwa 600 ÷ 260, yaani 2.3, shusha iwe 2, anza kwa bahati nasibu kati ya 1 na 2, na uendelee mpaka mwisho wa kipindi hata ukipita 260. Ukiacha njiani, wiki za mwisho hazimo, na pengine ndizo wiki za mvua au za Ramadhani.

Sista wa Kizingitini
Mwalimu, shukran. Na mwanafunzi akiwa hachukui kwenye rejista, anakwenda majumbani Faza na Siyu, kisiwani Pate?

Mwalimu wa Takwimu
Hapo, dada, unachagua vijiji kwanza halafu nyumba, na majirani hufanana: kisima kimoja, zahanati moja, mkunga mmoja. Kwa hiyo 384 izidishe kwa 1.5 au 2, na ueleze ulikotoa kizidisho hicho. Kwa 1.5 ni 576. Kama hela hazifiki huko, badilisha swali, usipunguze watu kimya kimya. Mtahini ataona.

Mwana wa Mkomani
La Lamu ambalo vitabu vya chuo havikufundishi ni tarehe, na ndiyo inayoharibu tasnifu nyingi za watoto njiti na uzito mdogo.

Ukimuuliza mama wa Amu, Pate au Shela hedhi ya mwisho ilikuwa lini, atakujibu kwa mwezi wake: Mfungo Tatu, Mfungo Sita, Rajabu. Mtafiti aliyetoka mbali husikia "sita" akaandika Juni. Mfungo Sita ni mwezi wa Maulidi. Mwaka 2025 mwezi huo ulianza mwishoni mwa Agosti, kwa hiyo hapo umekosea zaidi ya miezi miwili, na mtoto aliyetimiza siku zake ataingia kwenye hesabu kama aliyepitiliza kupita akili. Beba kalenda yenye miezi yote miwili, onyesha kwa kidole, mama akuthibitishie, ndipo uandike. Mwandamo ukihitilafiana kwa siku moja haidhuru.

La pili, "miezi minane" yake ni ya mwezi mwandamo. Minane kwa siku 29.5 ni siku 236, wiki 33 na siku 5. Ukihesabu kwa miezi ya ofisini unapata wiki 34 na siku 5. Wiki moja ni nyingi unapokata mstari wa mtoto njiti kwenye wiki 37.

La tatu ni la undani zaidi, nalo linataka heshima. Swali letu ni siku ya *kwanza* ya damu. Mama anayeswali huenda anaikumbuka zaidi siku aliyotoharika akarudi kwenye mswala, na hiyo iko siku tano au saba mbele. Uliza mawili kwa mfululizo: "Damu ilianza siku gani?" kisha "Ulikoga ukaswali siku gani?" Ukiyapata yote mawili una pa kuhakikishia. Na mimba iliyoanza karibu na Ramadhani ni neema kwa mtafiti, maana siku alizokula kwa sababu ya hedhi ni deni lake la saumu, atakutajia mpaka kumi la ngapi. Amuulize mwanamke mwenzake, faraghani, mume na mama mkwe wasiwepo.

Kwenye hojaji weka safu ya pekee: umri wa mimba umepatikana kwa njia gani? Picha ya ultrasound ya mapema, kabla ya wiki 24, inatangulia, hedhi inafuata, kimo cha tumbo ndio mwisho. Usizichanganye bila alama.

Nahodha wa Karatasi
Vibali. Kamati ya maadili iliyoidhinishwa kwanza, halafu leseni ya NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi na utafiti), halafu kaunti: idara ya afya, kamishna, mkurugenzi wa elimu, mwisho daktari msimamizi wa hospitali. Malindi iko Kaunti ya Kilifi, Lamu ni kaunti yake. Ukifanya kote kuwili, zitaje zote mbili kwenye ombi tangu mwanzo. Leseni ni ya mwaka mmoja, basi usiiombe kabla hojaji haijatafsiriwa na kujaribiwa, itakuozea mkononi.

Tafsiri irudishwe kwa Kiingereza na mtu ambaye hakuiona ya kwanza. Malindi mtahitaji Kigiriama pia. Kina mama walio chini ya miaka 18 waelezwe kwenye protokali mapema, pamoja na namna ridhaa yao itakavyochukuliwa, kwa sababu kamati itauliza.

Bajeti ya boti iandikwe kwa maji. Kwenda Faza na Kizingitini kupitia mlango wa bahari wa Mkanda unangoja maji yajae. Kwenye kupwa unakaa. Ratiba inayosema "saa mbili kila asubuhi" haitekelezeki. Na kusi likikaza katikati ya mwaka, weka siku za akiba.

Mlinda Leba
Niongeze matatu mafupi.

Usichukue vifo vya uzazi kama kipimo kikuu katika eneo dogo. Tuseme vizazi hai 4,000: vifo 12 ni 300 kwa 100,000, vifo 14 ni 350. Watu wawili wamekusogezea hamsini. Tena mama wa Faza aliyepewa rufaa akafia hospitali nyingine huhesabiwa huko. Chukua kina mama walionusurika kifo kwa tundu la sindano, kwa vigezo vya WHO vya 2009, na uandike kila mama alikotoka.

Ukilinganisha miaka, weka alama kwenye migomo ya madaktari na wauguzi ya 2016 na 2017, korona 2020, na kuanza kwa SHA, mamlaka mpya ya bima ya afya, Oktoba 2024. Rejista hupungua hapo kwa sababu zisizohusu afya ya mtu.

Damu baada ya kuzaa isikadiriwe kwa macho, macho hupunguza. Shuka ya plastiki yenye vipimo iwekwe *baada* ya mtoto kutoka, la sivyo unapima na maji ya uzazi. Leso na pedi zilizolowa pima kwa mizani, toa uzito wake zikiwa kavu. Gramu moja ni karibu mililita moja. Kwa hiyo leso ipimwe kavu mama anapoingia leba, nambari iandikwe kwa kalamu kwenye plasta na kubandikwa kitandani. Damu ikifika mililita 500 mwite daktari kwanza, fomu utaijaza baadaye.

Sista wa Kizingitini
Na uzito wa mtoto?

Mlinda Leba
Ndani ya saa ya kwanza, bila nguo, mizani ikiwa sifuri na kitambaa juu yake. Kisha angalia rejista ya zamani: ukikuta watoto wengi wamerundikana kwenye 3.0 na 2.5 kamili, waliandika kwa kukadiria. Mtoto wa gramu 2,450 aliyeandikwa 2.5 ametoka kwenye kundi lako la uzito mdogo, yaani chini ya gramu 2,500. Uzito upime mwenyewe kwa watakaozaliwa, usiutegemee wa nyuma.